Kifaa cha sauti hakihamishi panya kwenye fleti

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: chomeka kifaa cha sauti kwenye soketi na panya wote watahama, bila mtego wala sumu. Sivyo.

Ni kweli panya husikia sauti nyembamba ambazo sikio la binadamu halizipati. Lakini sauti hiyo haipenyi ukuta, kochi au kabati huizuia, na panya huizoea upesi. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: siku za mwanzo sauti huweza kuwashtua panya, mnunuzi anafurahi, anasambaza ujumbe. Wakirudi, haandiki tena.

Ukitaka kuhakikisha, nyunyiza unga kidogo kando ya ukuta usiku, kifaa kikiwa kimewashwa, uangalie nyayo asubuhi.

Kinachosaidia ni kuziba. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye upenyo wa milimita 6 hivi, kwa hiyo kagua mabomba chini ya sinki, shindilia stilwaya, kisha saruji. Mitego ikae kando ya ukuta, si katikati ya chumba. Mwenye nyumba naye aambiwe mapema, maana ukiziba kwako peke yako, panya wanahamia tu kwa jirani (na jirani atakurudishia).

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Unawachelewesha wapangaji kuziba, na panya wanazidi kuzaana: jike hubeba mimba wiki 3 tu.