Tundu la sindano halikuwa geti la Yerusalemu

Hii stori wengi tumeisikia kanisani, kwamba Yesu aliposema ni rahisi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu, alikuwa anaongelea geti dogo la Yerusalemu, ngamia anashushwa mizigo, anapiga magoti, anapita. Mahubiri matamu kweli, lakini geti hilo halijawahi kupatikana, na maelezo yake yanaanza kuonekana karne nyingi baada ya Yesu. Marko, Mathayo na Luka wanaongelea sindano ya kushonea kabisa, na hata Talmudi ya Babeli, yaani mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inataja tembo kupita tundu la sindano, yaani ilikuwa namna ya kusema jambo lisilowezekana.

Halafu soma Marko 10 taratibu jamani. Yule tajiri ameambiwa auze alivyo navyo awape maskini, kisha aje amfuate Yesu, akaondoka na huzuni, na wanafunzi wakashtuka wakauliza sasa nani ataokoka? Kama ni geti la kupigia magoti wangeshtuka nini? Na jibu la Yesu ni kwamba kwa wanadamu haiwezekani, ila kwa Mungu yote yanawezekana.

Kinachoniuma mimi ni kwamba hilo geti linashusha bei, mtu anaona akipunguza mizigo kidogo tu atapenya, wakati kwenye Marko 8 Yesu alishauliza mtu atatoa nini abadilishane na nafsi yake.