Kwa nini sanamu za Wadogon zina ukoko mwilini?

Ukiitazama kwa karibu utadhani imefukuliwa topeni. Macho yamezibika, vidole havihesabiki, na mabegani kumeganda kitu kama ukoko wa sufuria, chenye nyufa nyembamba. Hiyo ni sanamu ya mbao ya madhabahuni kwa Wadogon wa Mali, wakazi wa genge la Bandiagara, ukuta wa miamba wenye urefu wa kilomita 150 hivi. Ule ukoko si uchafu. Umepakwa kwa makusudi, tambiko baada ya tambiko.

Mchongaji huwa ni mhunzi, yuleyule anayefua majembe. Ila sanamu ikitoka mikononi mwake, kazi ndiyo kwanza inaanza. Wadogon huamini kwamba kila chenye uhai kina nguvu waiitayo nyama (usichanganye na kitoweo chetu), nayo hutembea ndani ya damu. Mnyama anapochinjwa madhabahuni, nguvu hiyo hutoka naye na kumfikia anayeombwa: mhenga, au Amma, Muumba mwenyewe. Ndiyo maana sanamu humwagiwa damu ya kuku au mbuzi, pamoja na uji wa uwele. Uwele ndio chakula chao cha kila siku. Wahenga hupewa kile wanachokula walio hai. Hata vihekalu vya udongo vya binu, mizimu ya ukoo, utaviona vina michirizi myeupe ya uji ukutani.

Damu na uji hukauka, tambiko lingine huongeza tabaka jingine, na miaka ikipita umbo la mti huanza kumezwa. Mwaka 2007 wanakemia nchini Ufaransa walichapisha uchunguzi wa ukoko wa sanamu kutoka Mali, na damu ilionekana kweli.

Kwa hiyo inaniuma kujua kwamba baadhi ya sanamu zilizofika Ulaya zilisuguliwa ili mbao ing'ae. Aliyesugua aliona anamsafisha msanii. Kumbe alifuta maombi ya watu wa nyumba nzima, ya kuomba watoto, ya kuomba uzima. Na mvua. Sanamu nyingi za huko zimeinua mikono yote miwili juu, na wengi huisoma ishara hiyo kuwa dua ya mvua, katika nchi kavu ambayo masika yake ni miezi michache tu.