Kwa nini wapanda farasi wa Páez walikimbia kabla ya kushinda?

Tarehe 2 Aprili 1819, kwenye mbuga za Apure nchini Venezuela, wapanda farasi wapatao 150 walivuka mto Arauca, wakalisogelea jeshi la mfalme wa Hispania, kisha wakageuza farasi na kutimua mbio. Vilikuwa vita vya kudai uhuru kutoka Hispania. Aliyewaongoza ni José Antonio Páez, mchunga ng'ombe aliyekuja kuwa rais wa Venezuela. Jenerali Pablo Morillo, kamanda wa jeshi la mfalme, akatuma wapanda farasi waliowazidi idadi mara kadhaa kuwafukuza. Kufumba na kufumbua, waliofukuza ndio wakawa wanakimbizwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba Páez alizidiwa, akaona aibu, akarudi kwa ushujaa. Sivyo. Kule kukimbia ndiko kulikokuwa shambulio lenyewe. Wala ushujaa peke yake usingetosha, kwa kuwa waliomkabili hawakuwa waoga: Morillo alikuwa amekwisha kupigana na majeshi ya Napoleon.

Nguvu ya kikosi cha farasi ni kusonga pamoja, bega kwa bega. Kikianza kufukuza, mstari hulegea. Ni kama mbio za shule: wote huanza sambamba, lakini baada ya mzunguko mmoja, wa kwanza yuko peke yake na wa mwisho yuko mbali nyuma. Páez alingoja hadi adui watawanyike hivyo, ndipo akaamuru watu wake wageuke. Sasa mikuki yote 150 ilikutana na adui wachache wachache, farasi wao wakihema. Bunduki za enzi hizo zilijazwa kupitia mdomo wa mtutu, risasi moja moja, kazi ngumu mno juu ya farasi anayekwenda mbio. Nao askari wa miguu wa Morillo wangefyatuaje, ilhali wenzao walikuwa wanarudi wamechanganyika na adui?

Inatajwa kuwa Wahispania wapatao 400 waliuawa, na upande wa Páez wawili tu. Hesabu hizo zimetoka kwa washindi, kwa hiyo zipokelewe kwa tahadhari. Ushindi wenyewe hauna shaka: Simón Bolívar, kiongozi mkuu wa wapigania uhuru, aliyekuwa ng'ambo ya mto, aliwatunukia nishani wote walioshiriki.

Wapanda farasi hao, wachunga ng'ombe kama yeye, walimfuata Páez kwa sababu alipanda farasi na kushika mkuki pamoja nao. Mwaka 1830 Venezuela ilipojitenga na Kolombia ya Bolívar, dola kubwa iliyoziunganisha nchi hizo, aliyeiongoza ni yeye.