Sasisho halijaua pampu yako

Wiki hii nimepigiwa tena ile simu ninayoijua. "Fundi, nimeapdeti, pampu ya kisima haiwaki. Kijana wangu anataka afute kadi ya memori yenye mfumo wa nyumba aanze upya." Nikamwambia: mama, mwambie aiache hiyo kadi kama ilivyo, nakuja. Ukifuta kadi kabla ya kusoma logi, yaani kumbukumbu ya yaliyotokea kwenye mfumo, umefuta ushahidi wote.

Watu wanaamini kwamba kitu kikiharibika baada ya sasisho, basi sasisho ndilo lililoharibu. Kwa Home Assistant, programu ya kuendesha taa, pampu na vifaa vingine vya nyumbani, ambayo ndiyo ninayofunga kwenye nyumba nyingi hapa Kigoma, imani hiyo inawapotosha kwa sababu moja: kusasisha ni lazima kuzima na kuwasha. Programu ikiwa inafanya kazi hairudii kusoma mafaili yake ya mipangilio bila kuamriwa. Huyasoma inapoamka, kisha huendelea na kile ilichokwisha kukibeba. Ukikosea faili leo, leo huoni kitu. Utaona siku itakapowashwa upya, na siku hiyo mara nyingi ni siku ya sasisho.

Nyumba ya huyu mama, kule Mwanga, ina sola na betri, hivyo umeme ukikatika mtambo hauzimiki. Kosa lilipata pa kujificha. Mtu alifungua automations.yaml, faili la ratiba za mfumo, akaongeza ratiba ya taa za geti, na mwanzoni mwa mstari mmoja akabonyeza kitufe cha tabu (Tab) badala ya cha nafasi. YAML, mtindo wa kuandika mafaili hayo, haikubali tabu hapo. Kwa macho huoni tofauti yoyote, lakini faili lote halisomeki, na faili hilo lisiposomeka mfumo mzima unaingia hali ya uokoaji: taa, pampu, king'ora cha tangi, vyote kimya. Logi ilitaja jina la faili na namba ya mstari. Nilifuta tabu, nikaweka nafasi, nikawasha upya, maji yakapanda.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza sasisho, washa upya toleo ulilonalo. Likigoma, kosa ni la zamani na sasisho halina hatia. Likiamka salama, kisha ukasasisha ndipo likagoma, sasa una haki ya kulishuku toleo jipya. Nashangaa jambo jepesi hivi linavyorukwa, hata na mafundi wenzangu.

Simaanishi kwamba masasisho hayavunji kitu. Mosquitto 2.0, toleo la programu inayopokea na kusambaza ujumbe wa vihisi, iliyotoka Desemba 2020, iliacha kupokea vifaa vya nje mpaka uandike mwenyewe mlango wa kusikiliza na utaratibu wa nywila. Vihisi vilivyokuwa vikiingia bila nywila vilinyamaza vyote kwa mpigo. Yalikuwa mabadiliko ya makusudi, kwa usalama, na yaliandikwa wazi. Home Assistant hutoa toleo jipya kila mwezi, na maelezo yake yana sehemu ya mabadiliko yanayovunja mipangilio ya zamani. Ukiruka matoleo matano, soma matano yote. Viongezi vya watu binafsi, yaani vile visivyotoka Home Assistant wenyewe, ndivyo vya kushukiwa mwanzo. Washa kwa hali salama, vitazimwa, utajua.

Grafu zikiwa tupu baada ya kusasisha, subiri. Huenda hifadhidata, yaani ghala la rekodi za mfumo, inapangwa upya, na kwenye kadi ya memori kazi hiyo ni ya polepole. Ukichomoa waya katikati, hapo ndipo unapoiharibu kweli.

Kuhusu kurudi toleo la zamani, nasita kuliko wenzangu. Hifadhidata ikishapangwa kwa toleo jipya, la zamani linaweza kushindwa kuisoma, kwa hiyo sirudi nyuma bila bakapu iliyochukuliwa kabla. Na kuna nyumba moja Ujiji ambako kuwasha mara ya pili kuliponya kila kitu, logi haikutaja sababu. Nadhani rauta ilichelewa kuamka na vifaa vikakosa waifai, lakini siwezi kuapa.

Bakapu zenyewe, tangu toleo la Home Assistant la 2025.1, kwa kawaida hufungwa kwa ufunguo wa siri. Upakue ufunguo huo leo, uuweke kwenye simu na uuandike pia kwenye karatasi. Ukibaki ndani ya kadi ileile, kadi ikifa bakapu yako haifunguki.