Blaki-thrashi: muziki wa kabla ya njia panda

Blaki-thrashi ni aina ya metali, yaani roki nzito ya magitaa, inayochanganya matawi yake mawili: ina mbio na mikato ya gitaa (vipande vifupi vinavyorudiwa) ya thrashi, ikaongezewa sauti ya kukwaruza na mambo ya giza ya blaki metali. Ndivyo inavyoelezwa kwa kawaida, na maelezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanamfanya msikilizaji adhani palikuwa na miziki miwili, kisha akatokea mtu akaichanganya. Mambo yalikwenda kinyume: mchanganyiko ndio uliotangulia, na miziki miwili ikazaliwa kutoka humo.

Tuanzie Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Watu watatu waliojiita Venom walitoa albamu ya Welcome to Hell mwaka 1981, na mwaka uliofuata wakatoa Black Metal, albamu iliyokuja kuupa mtindo mzima jina lake. Walikuwa wamelelewa na bendi ya Motörhead na panki, roki ya haraka isiyo na madoido, wakapiga kwa kasi iliyozidi ustadi wa mikono yao, na rekodi zao zilitoka chafu. Shetani aliyejaa katika mashairi yao alikuwa wa maigizo ya jukwaani, na wenyewe walisema hivyo.

Vijana wa mbali waliozisikia rekodi hizo walizichukua kwa uzito mkubwa zaidi. Huko Stockholm, Quorthon alitoa albamu ya kwanza ya bendi yake, Bathory, mwaka 1984. Uswisi, mwaka huohuo, bendi ya Hellhammer ilivunjika na waliobaki wakaanzisha nyingine, Celtic Frost. Gelsenkirchen, mji wa makaa ya mawe nchini Ujerumani, Tom Angelripper, ambaye alifanya kazi mgodini, aliiongoza bendi ya Sodom, nao wakatoa In the Sign of Evil mwaka 1985. Sarcófago wa Belo Horizonte, Brazili, walifuata na I.N.R.I. mwaka 1987. Hakuna kati ya hao aliyekaa chini kupima thrashi kiasi gani na blaki metali kiasi gani. Walitaka muziki mkali kuliko wote waliowahi kuusikia, basi.

Baadaye ndipo ilipofikiwa njia panda. Thrashi ilielekea kwenye usahihi: studio bora, wapigaji mafundi, nyimbo zilizopangwa kwa ustadi. Blaki metali, hasa mikononi mwa bendi za Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilielekea kwenye baridi na ukungu, nyuzi zikichapwa mfululizo bila pumziko hadi noti zinayeyukiana. Tangu hapo, kuupiga ule muziki wa mwanzo kukawa jambo la kuchagua. Aura Noir, Wanorway, walichagua hivyo, na mwaka 1996 wakaiita albamu yao Black Thrash Attack. Nifelheim wa Uswidi na Desaster wa Ujerumani walikuwa katika safari hiyohiyo.

Utautambuaje kwa sikio? Mimi husikiliza mkono wa kulia wa mpiga gitaa. Katika thrashi, ubavu wa kiganja hulalia nyuzi karibu na daraja la gitaa, yaani kipande kinachozishikilia nyuzi mwilini mwa gitaa, kila mchapo ukatoka mfupi na mkavu. Katika blaki metali nyuzi huachwa wazi zivume. Katika blaki-thrashi mkono huohuo hulala na kunyanyuka ndani ya mkato mmoja, na chini yake ngoma zinakimbia kwa mdundo wa panki ambao mwili unaweza kuufuata. Sauti ya mwimbaji ni ya kubweka zaidi kuliko ya kuimba, lakini maneno mengi yanasikika. Kiitikio kipo, na watu hukipokea kwa kelele.

Kati ya bendi mpya zilizorudi kwenye njia panda hiyo, ninayoipenda kuliko zote ni Hellripper ya Scotland. Kusema bendi ni kwa mazoea tu, kwa sababu James McBain aliyeianzisha mwaka 2014 hupiga vyombo na kuimba mwenyewe studioni, na kutafuta wenzake anapopanda jukwaani. Ametoa Coagulating Darkness mwaka 2017, The Affair of the Poisons mwaka 2020, iliyopewa jina la kashfa ya sumu na uchawi iliyoitikisa Ufaransa ya Louis XIV, na Warlocks Grim & Withered Hags mwaka 2023.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoonyesha kwa nini ufufuaji huu una maana. Bendi nyingi za kurudisha ya kale huiga uchafu wa rekodi za 1984, wakati uchafu ule ulitokana na uhaba wa fedha na muda. McBain amerekodi kwa sauti safi, mbio zikabaki. Jina la albamu amelitoa katika shairi la Robert Burns, mshairi wa Scotland wa karne ya 18, na mazimwi yake ni ya kwao. Wimbo The Nuckelavee unamhusu kiumbe wa baharini katika ngano za visiwa vya Orkney: farasi na mpandaji walioungana mwili, wasio na ngozi, wasioweza kuvuka maji yasiyo na chumvi yanayotiririka. Kwangu hilo linatisha kuliko Shetani wa kuazima, kwa sababu lina kwao.

Wimbo wa kufunga, Mester Stoor Worm, unamhusu joka la bahari ambalo, kwa masimulizi ya Orkney, meno yake yalidondoka yakawa visiwa na mwili wake ukawa Iceland. Ni mrefu, unabadilika mwendo, na gitaa linaimba kwa namna ambayo Sodom wa 1985 hawakuwa na subira nayo. Usikilize baada ya In the Sign of Evil, siku hiyohiyo, masikio yakiwa kwenye ule mkono wa kulia.