Molekuli ikishameza mwanga, nishati inakwenda wapi?

Machi na Oktoba jua la Dar es Salaam la saa sita mchana hupita karibu utosini kabisa, na ndipo ndugu na majirani huniuliza kama ngozi inaungua kwa sababu ya joto. Hapana. Joto linakutoa jasho tu. Kinachoiumiza ngozi ni jambo linalotokea ndani ya molekuli moja moja, nalo ndilo ninalolitafiti.

Mwanga hufika kwa vipande vya nishati viitwavyo fotoni, na kwa kawaida molekuli humeza fotoni moja nzima au huiacha ipite. Ndiyo maana aina ya mwanga ina uzito kuliko ukali wake. Fotoni nyekundu, za nanomita 700, zina takribani kilojuli 170 kwa moli, yaani kwa kila fungu moja la kuhesabia molekuli katika kemia. Kukata kifungo cha kaboni na kaboni kunahitaji kama 350. Washa taa nyekundu kali upendavyo, kifungo hicho hakikatiki. Urujuanimno, mwanga wa jua usioonekana kwa macho, wa nanomita 300 una kilojuli 400 hivi. Hapo sasa kuna hatari.

Molekuli ikimeza fotoni, elektroni yake huruka ngazi ya juu ya nishati, na hapo molekuli imebeba mzigo ambao lazima iutue. Inaweza kuutoa tena kama mwanga: kwinini hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Inaweza kutikisika mpaka nishati yote igeuke joto, au kuikabidhi molekuli jirani, au kubadilika umbo, kama retinali, molekuli ya jichoni inayopokea mwanga, inavyojipinda ndani ya femtosekunde 200 hivi nasi tukaona (femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni bilioni). Inaweza pia kuvunjika. Njia zote hizi hushindana, na iliyo ya haraka zaidi ndiyo inayochukua sehemu kubwa. Mashindano haya tunaweza kuyafuatilia kwa sababu ya Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kupima mwenendo wa molekuli kwa mipigo ya leza ya femtosekunde.

DNA yetu, molekuli inayobeba urithi, ni mkimbiaji hodari. Besi zake, yaani herufi zinazoiunda, zikimeza urujuanimno, nyingi hutua mzigo kama joto kabla hata ya pikosekunde moja kwisha, yaani femtosekunde 1,000. Lakini thimini mbili, moja ya aina za besi hizo, zikiwa zimepakana, mara chache huwahi kushikana kabla nishati haijatoka. Seli hurekebisha makosa hayo. Yanayobaki kwa miaka mingi ndiyo yanayoweza kuzaa saratani ya ngozi.

Melanini, rangi asilia ya ngozi, huumeza urujuanimno huo kabla haujaifikia DNA na kuugeuza joto karibu wote. Mtu mwenye ualbino hana kinga hiyo ya kutosha, kwa hiyo kwangu mimi mafuta ya kuzuia jua ni dawa. Kuyahesabu kama vipodozi ni kosa, na ninafurahi kwamba kule Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta yaliyobuniwa kwa ajili ya watu hao.

Ndani ya mafuta ya namna hii kemia ni ileile. Oksibenzoni, mojawapo ya kemikali za kuzuia jua, ikimeza fotoni, atomi yake ya haidrojeni huhamia kwenye oksijeni ya jirani kisha hurudi, na nishati hutoka kama joto. Molekuli iko tayari kumeza nyingine. Avobenzoni, kemikali nyingine ya aina hiyo, ni dhaifu zaidi: ikiachwa peke yake juani huharibika taratibu, ndiyo maana huchanganywa na oktokrileni inayoipokonya nishati mapema. Basi paka upya kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho au kuoga baharini. Abiria wa dirishani kwenye daladala naye apake: kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno wa mawimbi mafupi, lakini ule wa nanomita 320 hadi 400 mwingi hupenya.