Mbwa akigongwa, akitibiwa, akifundishwa: maswali kutoka mitaa ya Dodoma

Tangu majirani wajue kwamba mimi ni mtu wa mifugo na nafuga mbwa, simu hizi haziishi. Nyingi hupigwa jioni, bodaboda zinaporudi kwa kasi na mageti yameachwa wazi. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi, kutoka Nkuhungu hadi Kisasa, na majibu niliyoyatoa.

Mbwa wangu amegongwa na bodaboda sasa hivi. Amelala pembeni ya barabara, analia. Nianzie wapi?

Anza kwa kujilinda wewe. Mbwa mwenye maumivu makali anauma hata mkono unaomlisha kila siku, na wala si ubaya wake. Usimkumbatie, usimsogezee uso. Mwite jina lake kwa sauti ya chini, ukimkaribia kwa ubavuni.

Chukua kipande kirefu cha kanga. Kizungushe juu ya mdomo, pishanisha ncha zake chini ya kidevu, kisha zipeleke nyuma ya masikio na ufunge fundo linalofunguka upesi. Usimfunge hivyo kama anatapika, anahema kwa shida au ameumia taya.

Penye damu nyingi, kandamiza kitambaa safi kwa kiganja dakika tano kamili bila kuchungulia. Kikiloa, ongeza kingine juu yake. Ukikitoa cha kwanza unang'oa damu iliyoanza kuganda.

Sasa angalia fizi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mbwa akisimama na kutikisa mkia wanasema "amepona" wanamwacha. Inua mdomo wa juu. Fizi za mbwa mzima zina rangi ya waridi, na ukibonyeza kwa kidole kisha ukaachia, rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Zikiwa nyeupe, huenda anavuja damu ndani, na hapo hakuna kusubiri kesho. Kama mbwa wako ana fizi nyeusi za kuzaliwa, vuta kidogo kope la chini uangalie ndani yake.

Mbebe akiwa amelala juu ya ubao, au blanketi lililoshikwa pembe nne na watu wawili, na mlaze hivyo hivyo ndani ya bajaji. Mpigie daktari wa mifugo kabla hujaondoka. Usipomjua hata mmoja, afisa mifugo wa kata yako atakuelekeza. Mivunjiko mikubwa ya kuwekewa vyuma huenda ikahitaji safari ya Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina hospitali ya wanyama.

Nina diklofenaki kabatini. Nimpe nusu kidonge apate nafuu?

Hapana. Wala Brufen, wala Panadol ya kukadiria mwenyewe. Mwili wa mbwa hauzisafishi dawa hizi kama wetu. Diklofenaki na Brufen humtoboa tumbo na kuua figo. Kuna mbwa mmoja nilimwona Chang'ombe, kidonda chake kilikuwa kidogo tu, juu ya kisigino. Kilichomlaza ni vidonge vya siku tatu alivyopewa kwa huruma. Alikuwa anatapika damu na kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Mwombe daktari hizo.

Nimeambiwa nipake oili chafu, wengine majivu, wengine spiriti. Ipi ni sahihi?

Hakuna hata moja. Oili chafu ni sumu, na mbwa atailamba yote. Majivu yanaingiza uchafu ndani ya kidonda. Spiriti inachoma nyama mpya inayojaribu kuota.

Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha miminia kidonda polepole hadi mchanga wote utoke. Punguza manyoya ya pembeni. Mfukuze nzi kwa kila njia: kwa joto letu hili, mayai anayotaga asubuhi yanaweza kuwa funza kesho yake.

Kidonda cha kung'atwa na mbwa mwingine kinadanganya. Juu unaona tundu dogo la jino, chini yake ngozi imeachana na nyama. Hicho kipelekwe kwa daktari, na umweleze kama mbwa aliyemng'ata hajulikani, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Chanjo yake huanza mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa kama daktari atakavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Uking'atwa wewe au mtoto wako, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo.

Amefungwa plasta ngumu, tumerudi nyumbani. Kazi yangu ni ipi?

Ni kubwa kuliko ya daktari, maana yeye alikuwa naye saa moja na wewe utakuwa naye wiki nyingi. Mfupa wa mbwa mkubwa huhitaji wiki 6 hadi 8 kushikana. Wa mtoto huwahi zaidi. Muda wote huo akae mahali padogo penye kivuli, asipande ngazi, asirukie kochi, asikimbilie geti.

Hogo, yaani hiyo plasta ngumu, lisilowe. Akitoka kujisaidia asubuhi kwenye umande, lifunike kwa plastiki, na plastiki hiyo uitoe mara akirudi. Asubuhi na jioni gusa vidole vinavyochungulia chini. Vikiwa vya baridi, vimevimba, vimeachana, au ukisikia harufu mbaya, rudi kwa daktari siku hiyo. Plasta iliyobana inaweza kuua mguu mzima. Kama ameshonwa, nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na dawa alizoandikiwa zimalizike hata kama anaonekana mzima.

Asilambe. Mate ya mbwa hayaponyi, na ulimi wake unafungua mshono kama msasa. Mbwa wangu, Chui, nilimtengenezea kinga kwa ndoo ndogo: nilikata kitako, nikatoboa matundu manne kuzunguka tundu hilo, nikapitisha kamba hadi kwenye mkanda wake wa shingoni, na ukingo uliokatwa nikaushonea kitambaa usimchubue. Ukubwa unaofaa ni ule ambao mdomo wa ndoo unapita pua kidogo. Siku ya kwanza aligonga kila mlango. Siku ya pili nililiinua bakuli la maji juu ya tofali mbili, akanywa vizuri.

Wiki zote hizo bila kukimbia! Anabweka, anatafuna banda. Nimfanyeje?

Mchoshe akili. Fungia dagaa watatu ndani ya kitambaa, umwachie afungue kwa pua. Mfundishe "subiri" na "acha" akiwa amelala pale pale, dakika tano asubuhi, mchana na jioni. Zawadi ifike papo hapo anapotenda jambo, si baada ya kwenda jikoni kuitafuta.

Na familia ikubaliane neno moja. Nyumba nyingi baba anasema "njoo", mtoto anasema "kuja hapa", dada anaita jina mara tano, kisha mbwa anaambiwa ni mkaidi.

Wazee wanasema mbwa bila fimbo hafundishiki.

Nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao. Fimbo inamfundisha kuogopa mkono, na ni mkono huo huo utakaotaka kumsafisha kidonda. Mbwa aliyezoea kupigwa akiumia anajificha uvunguni, unamkuta siku ya tatu akiwa na funza.

Ningependa kila mwenye mbwa afanye hivi wakati mbwa ni mzima. Gusa mguu, toa dagaa. Baada ya siku chache bonyeza vidole kimoja kimoja, toa dagaa. Inua mdomo uone fizi, toa dagaa. Mwisho zungusha kile kipande cha kanga mdomoni kwa sekunde mbili, fungua, toa dagaa. Mtoto wa mbwa wa wiki 3 hadi 14 hujifunza haya haraka mno, ila hata mkubwa anaweza. Siku ya ajali, mbwa wa namna hii anakuruhusu umsaidie.

Ale nini akiwa mgonjwa?

Ugali laini na dagaa au mayai ya kuchemsha, na maji safi muda wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Vitunguu hapana. Na sisi wa Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nalisema hili kwa mkazo: zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, hata chache. Akizila, usingoje dalili.

Hogo limetolewa, lakini bado anaruka kwa miguu mitatu. Amelemaa?

Mara nyingi hapana. Misuli imesinyaa, na amezoea kuukunja mguu. Mtembeze kwa kamba fupi dakika tano, alfajiri, kabla lami haijachemka. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani kwa sekunde saba. Usipovumilia, yeye pia ataungua. Nenda taratibu kabisa, taratibu kuliko unavyotaka. Mbwa akikimbia anaweza kuubeba mguu mmoja, lakini akienda mwendo wa pole inambidi aukanyage. Ongeza dakika kidogo kila wiki. Zikipita wiki mbili bila kuugusisha chini hata mara moja, mrudishe kwa daktari aupapase tena.